Zamani Ipi?

Sogeeni karibu, na anayesinzia mfinyeni, kwa maana hadithi hii haina mwisho. Mwisho wake mtanipa nyinyi.

Katika kijiji cha Irindi, juu milimani, walikuwako vijana watatu wa ukoo mmoja, kila mmoja na kipaji chake. Naghenjwa alikuwa na sikio: alichokisikia mara moja hakikumtoka tena. Mbonea, fundi mwashi, alikuwa na mkono: jiwe lililowashinda wanaume wanne, yeye alijua pa kulishika. Namkunda alikuwa na ulimi: alikuwa kidato cha nne, na Kiingereza kilimtii kama mbuzi aliyezoea kamba.

Naghenjwa naye alikuwa amesoma. Alifika kidato cha pili, bibi yake akapooza upande mmoja, na hapakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Sare yake ilikuwa bado imekunjwa chini ya godoro. Kila Jumapili aliitoa, akaikung'uta, akairudisha.

Irindi huishi kwa ndiva, yaani bwawa la mawe ambamo maji ya chemchemi hukingwa, kisha hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Kila mwaka watu wote hutoka kuzoa tope. Tope likiisha, mtu mmoja husimama ukingoni akahesabu majina ya wakuu wote wa ndiva tangu wa kwanza. Mtu huyo ana miiko miwili. Hayataji majina yale mahali pengine. Akiyataja kwingine, haki ya kuyahesabu imemtoka. Na jina lake mwenyewe halitaji kamwe, kwa kinywa wala kwa kalamu. Mhesabu alikuwa bibi yake Naghenjwa, na Naghenjwa ndiye aliyetazamiwa kumrithi.

Basi akaja mwekezaji aliyeitaka chemchemi ile ajaze maji kwenye chupa. Karatasi zake zilisema ndiva ni ya juzijuzi tu, imechimbwa na wazee ambao bado wanatembea. Liko shirika la ng'ambo linalotetea kazi za kale. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sefue, akaliandikia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba ndiva ilijengwa "long ago".

Jibu likaja: "Kila kijiji kinatuandikia hivyo. Hata mama yangu aliolewa long ago. Zamani ipi? Leteni ushahidi ndani ya siku kumi."

"Zamani ni zamani!" alifoka Mzee Sefue. "Mimi nimeikuta, baba aliikuta. Wanataka nimfufue nani?"

Naghenjwa alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda.

"Bibi, nikiyatoa majina, ndiva itapona."

"Na wewe, mjukuu wangu?"

"Mimi nitakuwa mtu wa kawaida."

Bibi akageuzia uso ukutani. Jioni ile Naghenjwa alikaa jikoni kwa kina Namkunda, akataja majina ishirini na mawili pamoja na ngazi zake. Walioonwa na baba zetu ni wa kitambo. Walioonwa na babu zetu ni wa zamani. Waliobaki majina matupu ni wa kale. Na yule wa kwanza kabisa ni wa kale ya kale. Namkunda aliandika, naye Naghenjwa alihisi kila jina likimtoka kama jino. Tangu siku ile bibi hakumsemesha. Alipogeuzwa, alifumba macho.

Lakini majina ni pumzi tu, na nani angeyaamini? Mbonea akakumbuka aliyoambiwa na babu yake: kila mkuu aliweka jiwe lenye alama yake chini kabisa ya ndiva. Chini ya tope linalozolewa kila mwaka kulikuwa na tope jingine gumu la kimo cha mtu, ambalo majembe hayakuwahi kulifikia. Akaingia kwenye maji yale ya baridi siku nne, akichimba kwa mikono.

"Toka, wewe, utaota mapezi!" walimtania waliopita na ndoo.

Mawe aliyakuta yamepangwa safu moja, ishirini na mawili, kila moja na alama yake. La mwanzo lilikuwa limeliwa na maji hata alama ikawa ya kupapasa tu. Alipokuwa akilisafisha wapate kulipiga picha, jiwe la ukuta wa ndiva liliporomoka, likamsaga vidole viwili vya mkono wa kulia. Hospitalini wakavikata.

Yakabaki maneno. Namkunda alijifungia na kamusi siku tatu.

"Kumbe Kiingereza nacho kina ngazi, dada," alimwambia Naghenjwa. "Hawa wa kitambo nitawaandikia 'some time ago'. Wa zamani, 'long ago' inawatosha. Wa kale ni 'ancient'. Sasa huyu ambaye jiwe lake halisomeki?"

"Kale ya kale."

"Basi 'immemorial'. Kabla ya kumbukumbu ya mtu yeyote."

Naghenjwa aliyarudia maneno yale bila sauti, kama mtu anayeonja mboga ya jirani.

Barua na picha zikatumwa kwa mtandao. Shirika likasema siku ya kumi litapiga simu kuuliza maswali, na Irindi nzima hakuna aliyeweza kuyajibu ila Namkunda. Siku ya kumi ndiyo siku ya mtihani wake wa mwisho. Alijibu simu tangu asubuhi hata alasiri. Alipofika shuleni, karatasi mbili za mtihani zilikuwa zimekwisha kukusanywa.

Ndiva ikapona. Mwekezaji akaondoka. Kisha ikaja barua nyingine: nafasi moja ya masomo, miaka minne, kwa yule aliyeiokoa ndiva. Mahali pa jina palikuwa wazi.

Wakakutana ukingoni.

"Nipeni mimi," alisema Mbonea. "Fundi mwashi asiye na vidole, nyundo niishike kwa meno?"

"Bila maneno yangu, mawe yako yangekuwa mawe tu," alisema Namkunda.

"Na bila mawe yangu, maneno yako yangekuwa upepo."

Wote wawili wakamgeukia Naghenjwa. Aliiwaza sare chini ya godoro.

"Bila majina," alisema polepole, "mngechimba nini? Mngeandika nini?"

Mzee Sefue alijikuna kichwa mpaka kofia ikaanguka. Ndipo bibi, aliyeletwa kwa kiti, akafungua kinywa.

"Anayehesabu majina ndiye huongeza linalofuata. Mpeni mjukuu wangu kalamu."

"Lakini mama, huyu alivunja mwiko," alisema Mzee Sefue. "Si mhesabu tena."

"Nimesema mpeni."

Naghenjwa akapokea kalamu. Kama bado ni mhesabu, jina lake haliwezi kuandikwa kwa mkono wake. Kama si mhesabu tena, kalamu ile anaishika kwa haki gani? Alimtazama bibi yake. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya jikoni, macho ya bibi yalikuwa wazi, lakini hayakusema andika nani. Mbonea alificha mkono wake nyuma. Namkunda alitazama maji.

Mpaka sasa ninavyosimulia, kalamu haijagusa karatasi. Sikio, mkono, ulimi: nafasi ni moja. Wewe uliyekaa hapo, na wewe uliyefinywa, ungekuwa Naghenjwa, ungeandika jina la nani?