Hodi ya Mungu wa Giza

Hadithi, njoo; leo njoo na hasira zako.

Palikuwa na mji wa chuma ulioelea kati ya nyota. Kila mwaka mungu wa giza alipiga hodi, na nyumba iliyomjibu “Karibu” aliingia akammeza mtu mmoja. Kuhani wake, Makame, aliwafokea maskini wajibu: “Mgeni mnamnyima karibu? Hamna adabu!” Hodi ikipigwa kwake mwenyewe, hakuijibu.

Bi Mize alishamezewa mume, kisha dada, kisha binti. Mwaka huo aliingia kwa Makame, damu ikimchemka.

“Hodi! Hodi! Hodi!” mungu wa giza akabisha mlangoni.

“Usijibu, mama, nakuomba!” Makame akanong'ona.

“Nikose adabu, baba?” Bi Mize akapaza sauti: “Karibu ndani! Mwenye nyumba yupo.”

Akatoka kwa mlango wa uani, akatia komeo kwa nje. Na hadithi yangu ikakomea hapo.