Kwa Nini Nyumbu Husukumana Ukingoni mwa Mto

Kaeni vizuri, na mwenye swali alimeze mpaka nimalize, maana kisa hiki hunipandisha hasira kila ninapokisimulia.

Hapo kale mito haikuwa na wenyewe. Nyumbu walikunywa walipotaka, na mamba alijikalia matopeni akila samaki wake. Wanyama walikuwa na majimbo yao, na mambo mazito yaliamuliwa na Baraza la Juu, kule kilimani. Kila jimbo, liwe la tembo au la panya, lilipeleka wajumbe wawili. Pundamilia waliwapata wajumbe wao kwa kujipanga nyuma ya wanaowataka. Asubuhi moja tu, kazi imekwisha.

Lakini nyumbu, loo. Kwao kundi halikuchagua kitu. Wazee walijifungia ndani ya boma la miiba, na ilikuwa lazima wote wakubaliane. Mmoja akikoroma tu kulikataa jina, limeanguka, wanaanza upya.

Mwaka mmoja wa kiangazi kikali, Baraza likaitisha mkutano wa kugawa mito. Mzee Sangoro wa nyanda za juu alitaka wajumbe wote wawili watoke kwao. Mzee Kidevu wa bondeni naye alitaka watoke kwake. Kila jina alilotaja Sangoro, Kidevu alilikoromea, na la Kidevu likakoromewa vilevile. Wakapumzika, wakala majani, wakarudi kukoroma. Swala akaja mbio kuwaambia kwamba viti vyao viko wazi na mito inagawiwa kesho. Mnajua walifanya nini? Walianza kubishana nani amjibu swala.

Nje ya boma alisimama Nalotu, nyumbu aliyezaa karibuni. Madimbwi yalikuwa yamekauka, mto uko mbali na kundi haliondoki bila wazee, maziwa yamemkatika, na ndama wake anayumba kwa kiu. Akapenyeza kichwa kwenye miiba.

"Wazee wangu," akasema, "mpelekeni yeyote. Huyu mtoto hatauliza mjumbe ametoka upande gani."

Wakamjibu kwamba mila haimruhusu aliye nje ya boma kusema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waingie humo, wakakubaliana wote: afukuzwe hapo.

Kule kilimani mamba alivitazama viti vitupu, akasema kuwa asiyekuja hana haja ya maji. Nani angempinga? Akapewa mito, na ruhusa ya kumla nyumbu yeyote atakayeingia. Hatimaye wazee walipatana, mjumbe mmoja wa Sangoro na mmoja wa Kidevu, jambo ambalo hata mtoto angeliamua siku ya kwanza. Wajumbe walipofika kilimani, mkutano ulikuwa umeshavunjika.

Kundi likateremka mtoni kwa kiu. Mamba alikuwa amejilaza akisubiri. Wazee wakasimama ukingoni, wakaanza kujadili nani atangulie. Nalotu alimtazama ndama wake, akajitupa majini. Mamba alipokuwa akihangaika naye, wengine wakaingia, wakanywa. Ndama naye akanywa.

Na tangu siku hiyo nyumbu hawana mto wao. Kila mwaka husafiri kuyatafuta maji ya wengine, na wakifika ukingoni husimama wakikoroma na kusukumana, hadi mmoja ajitupe. Huyo wa kwanza ndiye mjumbe wao, nao hawajapata namna nyingine ya kumchagua.