Mtoto Aliyekaa Penye Viatu

Inasimuliwa na watu wakweli wa mji wa Mtangani kwamba siku ya mtihani wa juzuu, mwaka uliofuata vita vya Mjerumani, chuoni kwa Bi. Mwanakheri binti Bakari walikuwapo hawa: mwalimu mwenyewe, Mwinyi Dadi bin Shomari aliyekuwa mwenye nyumba, Khatibu Ngwali bin Haji, watoto kumi na wawili wa mkekani, mmoja wao Muhidini bin Omari, mjukuu wa Mwinyi Dadi, na watoto saba wa mlangoni. Wale kumi na wawili wanajulikana wote kwa majina. Katika wale saba limehifadhiwa jina moja tu.

Zama hizo chuo kilisikika kabla ya kuonekana. Ukikata kona ya kisimani zilikupokea sauti za watoto, kisha harufu ya wino wa masizi, kisha mbao za kuandikia zilizooshwa, zimeegemezwa ukutani zikauke. Bi. Mwanakheri, mjane mcha Mungu, alikipenda chuo kile kuliko kitu chochote alichobakiwa nacho. Hakuwa na nyumba; ukumbi ule alipewa na Mwinyi Dadi akae na kusomesha.

Watoto wa waungwana walikaa mkekani, kila mmoja na ubao wake. Watoto ambao wazee wao walikuwa watumwa walikaa mchangani, mlangoni, penye viatu, na ubao wao ulikuwa mmoja. Wenzao waliwaita walinzi wa viatu. Bi. Mwanakheri hakuwaamuru wakae pale, wala hakuwaondoa. Aliyakuta hivyo, akayaacha.

Siku hiyo ya mtihani Muhidini alisoma vizuri mpaka akaifikia sura ya yule kipofu aliyekuja kutafuta elimu akageuziwa uso. Hapo aya ikampotea. Alirudia mara mbili, akanyamaza. Ndipo sauti nyembamba ikatoka mlangoni, ikaitamka aya iliyofuata, bila kosa.

Ada ya chuo ilijulikana: msomaji akikwama, anayemfungulia ndiye anayechukua nafasi yake. Huyo ndiye huvishwa joho la hitima na kuzungushwa mjini kwa kasida.

Mwinyi Dadi akawahi kusema. "Nimesikia kikohozi tu. Kijana amekumbuka mwenyewe. Endelea, baba."

Khatibu Ngwali akatazama vidole vyake. Bi. Mwanakheri alielewa alichotakiwa kufanya, na alielewa ukumbi ule ni wa nani. Aliwafikiria watoto kumi na tisa na mvua za masika zilizokuwa njiani. Kunyamaza kungetosha. Hata uongo asingehitaji kuusema.

"Mwinyi," alisema, "kikohozi hakina aya."

Akageukia mlangoni, akauliza ni nani aliyefungua. Watoto wa mkekani wakajibu kwa kicheko kwamba ni mlinzi wa viatu. Akainuka, akaenda hadi mlangoni, akachutama mbele ya msichana wa miaka saba aliyejaa vumbi magotini.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Mtoto wa Tausi."

"Tausi ni mama yako, anayetuletea maji. Nakuuliza jina lako."

"Mashavu."

"Binti nani?"

"Feruzi."

Mtoto yule alikuwa amekuja chuoni kwa miaka mitatu, akijifunza kwa masikio kwa kukosa ubao, na mwalimu hakuwahi kumuuliza jina. Akasema, kila mtu asikie, kwamba aliyehitimu ni Mashavu binti Feruzi, na kwamba aliyekosea hapo si Muhidini, bali mwalimu.

Mwinyi Dadi akatoka bila kuaga. Viatu vyake alivikuta vimegeuzwa kuelekea nje, tayari kuvaliwa, kama Mashavu alivyozoea kumwekea kila alipokuja chuoni. Akavivaa.

Kesho yake mlango ulikuwa na kufuli. Tausi akaja na mtungi kichwani, akalitazama, akasema, "Bibi, uani kwangu pana mchanga wa kutosha." Wakahamia huko. Wazazi wengi wa mkekani waliwaondoa watoto wao, na masika yale walinyeshewa. Joho halikupatikana, Mashavu alizungushwa mjini amevaa kanga ya mwalimu wake, na kasida ikasomwa na sauti tisa. Baada ya Mfungo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, Muhidini alikuja na ubao wake kwapani. Alitafuta pa kukaa, akakaa penye viatu, mpaka Bi. Mwanakheri akamwita asogee walipo wenziwe.

Bi. Mwanakheri, mja yule, hakujikinga na aibu yake, na Mwenyezi Mungu akamfanyia wasaa mahali asipopatazamia. Nasi tunaosomesha tuwatazame waliokaa nyuma yetu, maana kumpuuza mtoto hakuhitaji chuki, mazoea yanatosha.

Uani kwa Tausi pamesomeshwa hadi juzi. Bi. Mwanakheri alipozeeka, alimwachia chuo mwanafunzi aliyezungushwa kwa kanga yake, naye kila mtoto aliyefika alimuuliza jina lake na la mzazi wake kabla hajaketi.

Mashavu binti Feruzi amefariki Alhamisi, baada ya swala ya alasiri.