Ruhusa ya Kubadilisha Gia

Palikuwa na Sultani akiitwa Badawi, na hakuna alichokichukia kama kitu kinachojiamulia chenyewe. Saa ya ukutani aliishusha kwa sababu ilipiga bila kuambiwa. Jogoo wa jirani alihamishwa mtaa. Msicheke, mabosi wa namna hiyo mnao mpaka leo, ila hawana kilemba.

Siku moja wageni wakamletea zawadi. Gari jipya, otomatiki, jeusi, linang'aa mpaka unaweza kujitazamia meno. Sultani akapanda nyuma. Kwenye usukani akakaa Vuai, dereva wake, mtu asiye na mbele wala nyuma, lakini mdomo anao. Gari likaondoka taratibu, likakaza mwendo, likabadilisha gia.

"Vuai," Sultani akasema, "nani amebadilisha gia?"

"Gari lenyewe, Maulana. Haya ya kisasa hayana klachi. Yanajibadilishia."

"Limeomba ruhusa?"

"Mimi sijalisikia, Maulana."

"Simamisha."

Akateremka, akarudi kasrini kwa miguu yake. Gari likafungiwa bandani, askari mlangoni, kosa lake kiburi. Likatolewa lile kuukuu, la gia, na mbiu ikapigwa mji mzima: katika gari la Sultani hakuna gia itakayobadilishwa bila ruhusa ya Sultani mwenyewe. Atakayebadilisha bila ruhusa, jela.

Sasa nyinyi mnaoendesha mnajua. Gari la gia halina subira. Likitaka namba mbili, linaitaka sasa hivi. Vuai masikini akawa anaendesha huku anaomba.

"Maulana, naomba namba mbili."

"Ya nini?"

"Injini inalia, Maulana."

"Iache ilie kidogo, ishike adabu."

Basi gari likawa linakatiza mjini na namba moja, linanguruma, moshi mtupu, na bibi mwenye kikapu cha ndizi analipita. Vuai alikuwa na mke na watoto, na walioingia jela ya Sultani Badawi hawakuwa na kawaida ya kutoka. Akameza maneno yake, akaendelea kuomba.

Ikafika siku ya kwenda kukagua karafuu. Njia yake inapanda kilima cha Mkanyageni, na kile kilima, wallahi, ukikitazama kilele chake kofia inaanguka. Sultani alikuwa amekula biriani, tena si kidogo. Nyuma yao lilifuata gari la mawaziri, limejaa. Chini ya kilima Vuai aliomba namba tatu, akapewa. Katikati ya kilima gari likaanza kutetemeka.

"Maulana, naomba nipangue, nirudi namba mbili."

Gari likazidi kutetemeka.

"Maulana, hili linazima. Likizima litarudi nyuma, na nyuma wapo mawaziri."

Sultani akakoroma.

Vuai akatazama kwenye kioo. Akamwona Waziri Mtumweni, mkubwa wa mawaziri wote, kakodoa macho, mikono kichwani. Akakanyaga klachi, akapangua gia. Gari likashtuka, likapata nguvu, likafika juu salama na kila mtu na roho yake. Lakini ule mshtuko ulimwangusha Sultani kilemba, na macho yakafunguka.

Kesho yake baraza likakaa. Mawaziri wale wale walionusurika wamejipanga, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kumtetea mtu. Nimekasirika mpaka mimi ninayewahadithia. Vuai kasimama katikati, pingu mikononi, mkewe analia nje ya lango.

"Umebadilisha gia," Sultani akasema.

"Nimebadilisha, Maulana."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yako."

"Mimi nilikuwa nimelala."

"Ndiyo, Maulana. Nikaomba, ukakoroma. Nikashukuru, nikapangua."

"Tangu lini kukoroma kukawa ruhusa?"

"Mimi dereva tu, Maulana, nimejifunza kwa wakubwa. Ijumaa iliyopita nilikuwa hapo mlangoni nakungoja. Waziri Mtumweni alisoma habari ya kodi mpya ya nazi. Akauliza, 'Maulana anaridhia?' Ukakoroma. Akasema, 'Ameridhia.' Watu tunalipa."

Waziri Mtumweni akakohoa.

"Halafu akasoma habari ya mkwe wake kupewa ukubwa wa bandari," Vuai akaendelea. "Ukakoroma tena, safari hii kwa raha zaidi. Mkwe yuko bandarini, kanenepa."

Sultani akageuka polepole. "Mtumweni. Kukoroma kwangu ni ruhusa, au si ruhusa?"

Hapo, jamani, ningependa mumwone Waziri. Akisema si ruhusa, kodi ya nazi ni wizi na mkwe anarudi kuuza mbatata. Akisema ni ruhusa, dereva anakwenda kwake. Jasho likamtoka mpaka kanzu ikamganda mgongoni.

"Ni ruhusa, Maulana," akasema. "Tena ndiyo ruhusa ya juu kabisa."

"Ya juu kabisa," wakaitikia mawaziri wote, kila mmoja na mkwe wake rohoni.

"Mfungueni," Sultani akasema.

Pingu zikatoka. Vuai akainama, akasugua mikono, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Sultani akamwita.

"Ngoja. Niambie kweli, sitakufanya kitu. Mambo mangapi ya nchi hii yanakwenda mimi nimelala?"

"Maulana," Vuai akasema, "nchi yako ni otomatiki tangu zamani. Aliyebaki anakuomba ruhusa nilikuwa mimi peke yangu, na ndiye uliyemtia pingu."