Mpaka Tende Zitakapoiva

Wamepokezana wema waliotutangulia kwamba asubuhi moja Lubaba, mke wa Suweid mshona viatu wa Basra, alirudi kutoka kisimani na mtungi kichwani, akamwaga kata moja ya maji chini ya mtende, kama alivyofanya kila siku. Hapo ndipo jirani yao Hatimu alipobisha hodi.

"Nahamia Sham," alisema. "Nyumba yangu ya ng'ambo ya mji, yenye kisima uani, nitawauzia ninyi. Lakini muingie kabla ya mwezi kwisha, maana mnunuzi mwingine anangoja."

Suweid alifurahi, kwa kuwa mgongo wa mkewe ulikuwa umeharibika kwa kubeba maji. Kikwazo kilikuwa ijara, yaani mapatano yao ya kupanga. Nyumba waliyopanga ilikuwa ya Bibi Unaysa, ajuza asiyeona, aliyeishi chumba cha pili. Kodi yake ilikuwa kazi: Suweid aitunze mitende yake minne, na waliagana kwa ahadi kwamba akae "mpaka tende zitakapoiva." Tende hizo ndizo zilizokuwa chakula cha ajuza mwaka mzima.

Alipoelezwa hayo, Hatimu akatazama juu mtendeni, akacheka. "Si zimeiva hizo? Ile moja pale imeshalainika. Ichume, umtie ajuza mkononi, uhame. Haoni, atajuaje kama ni moja au ni elfu?"

Alipoondoka, Suweid akaichuma, akakaa nayo kiganjani.

Lubaba akamuuliza, "Mlipoagana, wewe ulikusudia tende ngapi?"

"Zote."

"Basi hiyo uile wewe. Hiyo kweli imeiva."

"Na mgongo wako?"

"Mgongo wangu haukuagana na mtu. Wewe uliagana."

Suweid akaenda kwa ajuza, akamweleza yote bila kuficha, akamwomba amfungue ahadi ile kwa hiari yake.

"Mwanangu, nikikufungua, nani atanikwelea mitende? Nisubirie mavuno."

"Nitasubiri, bibi."

Nyumba ikauzwa kwa mwingine. Lubaba akaendelea kubeba mtungi. Siku ishirini baadaye akashikwa na homa, na siku ya nne akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizikwa alasiri. Magharibi ilipokaribia, ajuza akaja akipapasa ukuta.

"Mwanangu, nimekufungua. Nenda utakako. Nitatafuta mtu."

"Mwenyezi Mungu akulipe kheri, bibi. Lakini bado hazijavunwa."

Ndugu zangu, mja huyu hakupata nyumba ile, wala hatukusikia kwamba alipewa nyingine hapa duniani. Subira yake haikumrudishia mtu. Ila neno alilompa asiyeona alilitimiza kwa maana ile ile aliyoikusudia siku ya kulitoa, na Mwenye kuona anajua.

Ama asubuhi ya pili, Suweid alisali alfajiri, akautwaa mtungi, akaenda kisimani. Aliporudi akamwaga kata moja chini ya mtende. Kisha akajifunga kamba kiunoni, akapanda.