Mlenda Uliotukanwa

Mama Zaituni wa nyumba ya pili anadai kuwa methali ya "Onja mboga, usimng'ate mpishi" ilitoka harusini. Eti bwana harusi alikuta wali mbichi, akamng'ata mpishi mkono, na shehe ndiye aliyetamka maneno hayo wakati wa kuwaamua. Anaapa kwamba kovu aliliona kwa macho yake.

Mwacheni. Mama Zaituni anapenda harusi. Ninyi mmeniuliza mimi, basi sogeeni. Methali hii ilizaliwa hapahapa Kindai, jikoni kwetu, na mimi nilikuwapo nikichambua majani.

Dada Siwema, binti wa mama mkubwa, alikuwa na blogu yake ya mapishi. Yeye aliandika, bibi yetu Mwamvita alieleza. Kila kilichokuwa mle kilitoka kinywani mwa bibi. Kila asubuhi Siwema alimsomea maoni ya wasomaji, bibi akiwajibu kana kwamba wamekaa mbele yake: "Huyo mwambie ahsante. Na huyo apunguze kuni!"

Alipoandika mlenda wa karanga, tuliamka tukakuta maoni yamejaa. Siwema akaanza kusoma kwa furaha, kumbe hakuyapitia kwanza. La juu kabisa lilikuwa la aliyejiita Mwana wa Manyoni: "Aliyekufundisha mlenda huu ni kikongwe asiye na ulimi. Akampikie fisi."

Siwema akaigeuza simu kifudifudi.

"Endelea," bibi alisema.

Chini yake watu walikuwa wamemrukia Mwana wa Manyoni. Mmoja alimwambia fisi ni baba yake. Wa Manyoni wakaja kumtetea mwenzao, wa Singida wakawatukana wa Manyoni, na mtu wa Tabora aliyekuwa anapita tu akawatukana wote. Mlenda wenyewe hakuna aliyeutaja.

Bibi akasukuma kigoda nyuma. "Siwema, kuanzia leo usiniulize pishi lolote. Siwezi kutafunwa na watu nisiowaona."

Bibi akishasema hivyo, amesema. Blogu ingekufa siku hiyohiyo, na mapishi yake angekwenda nayo kaburini, maana hakuna mwingine aliyeyajua.

"Nayafuta yote, bibi!" Siwema alikuwa karibu kulia. "Na huyu wa Manyoni namfungia mlango kabisa!"

Bibi alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka. "Ngoja. Huyo mtu alipika?"

"Sijui. Hakusema."

"Muulize basi. Andika kama ninavyosema, usiongeze madoido yako. Bwana, kikongwe ni mimi. Mboga yangu ilikuwa na nini? Onja mboga, usimng'ate mpishi."

Siwema akaandika neno kwa neno. Chini akaweka lake: atakayezungumzia chumvi, moto, karanga au magadi, karibu, hata akikosoa vikali; atakayemgusa mpishi, au kabila la mtu, au mzazi wa msomaji mwenzake, maneno yake yataondolewa. Kisha akafuta matusi yote, hata ya wale waliokuwa wanamtetea bibi.

Tukangoja. Simu nilishika mimi. Ugali uliungua na hakuna aliyejali.

"Limekuja! Bibi, jibu limekuja!"

"Soma, mtoto wewe, usirukeruke!"

Nikasoma: "Shikamoo bibi. Mimi si bwana, ni mke wa mtu, ndoa bado changa. Nilipika kama ilivyoandikwa, siku ya kwanza wakwe kuja kwangu. Mlenda ukawa mchungu, unakata ulimi kama sabuni. Mama mkwe akasukuma sahani, akaniuliza kama nataka kuwaua. Kweli bibi, sufuria moja, kijiko kizima cha magadi?"

"Marahaba. Kijiko?" Bibi aliruka kama binti. "Nani kasema kijiko? Nilisema ncha ya kijiko!"

Siwema akashika mdomo. Neno "ncha" alikuwa amelisahau.

Jamani, tulicheka! Siwema akarekebisha palepale, akaomba radhi kwa jina lake. Hapo maoni yakamiminika. Mwingine akasema hata yeye ulimi ulimkatika, ila aliogopa kusema. Mtu wa Tabora akarudi kwa adabu, akauliza karanga zikaangwe au zisikaangwe. Wakabishana karanga hizo mpaka jioni, wakali kweli, lakini hakuna baba wa mtu aliyeitwa fisi. Bibi alijibu hadi sauti ikakauka, na yeye mwenyewe, bila kuombwa, akaanza kueleza pishi la kunde.

Maana yule binti alikuwa na haki yake. Mboga ilikuwa mbaya. Lakini angeendelea kumng'ata bibi, na sisi tukaendelea kumng'ata yeye, hadi leo watu wangekuwa wanatia kijiko kizima.

Maneno ya bibi yakatoka kwenye simu yakaingia sokoni, na sasa yamewafikia ninyi.

Siku ya pili binti aliandika tena: "Bibi, nimerudia, mama mkwe kaomba sahani ya pili. Naomba nije Kindai nikutake radhi kwa mdomo wangu, na nionje mlenda wa mkono wako."

"Bibi, nimjibuje?" Siwema akauliza.

Bibi alikuwa ameinamia sufuria. Akachovya kidole, akalamba, akatabasamu. "Onja mboga," akasema, "usimng'ate mpishi."

"Ndiyo, bibi, lakini aje au asije?"

Bibi akaongeza chumvi, akaniagiza nitafute kigoda cha mgeni.