Kiatu Kimoja na Mvua ya Asubuhi

Wapendwa, kuna gemu la mpira linalochezwa kwenye simu. Msiinamishe vichwa, wanakwaya, nawajua mnaolicheza. Humo, klabu iliyoafikiana na wenye gemu huonekana kwa jina lake, nembo yake na jezi yake. Isiyoafikiana hupewa jina la kubuni na rangi za kuokoteza, na watu wengi huipita.

Kulikuwa na seremala mmoja kule Tanga, Ambakisye, ambaye hakuipita. Kila siku alichagua timu moja ya jina la kubuni, kwa sababu chini ya jina lile aliijua klabu aliyoipenda tangu utotoni. Jioni moja ya mvua gemu likamkutanisha na mtu mwingine aliyeichagua timu hiyohiyo. Ambakisye alijiita Kiatu Kimoja. Yule mwenzake alijiita Mvua ya Asubuhi.

Wakacheza. Mpira uliteleza taratibu juu ya majani yasiyonyauka, chini ya anga isiyo na jua wala mwezi, na Ambakisye akasahau uchovu wote wa randa na msumeno. Mechi ilipokwisha, mwenzake akaandika humohumo kwenye gemu: "Umecheza vizuri, ndugu yangu. Hata kufungwa na wewe kunanipumzisha."

Tangu hapo wakawa wanakutana jioni. Kiatu Kimoja alipougua malaria, mwenzake aliandika, "Leo sichezi. Nakuombea." Mvua ya Asubuhi alipopata mtoto, Ambakisye alinunua soda akanywa na majirani, akimfurahia mtoto wa mtu asiyemjua hata sura.

Sasa sikieni. Ambakisye alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Lugano, aliyeishi Songea. Utotoni walisikiliza mechi za klabu ile pamoja, redio katikati yao. Lakini siku ya harusi ya Lugano neno baya lilitoka mbele ya wageni, likajibiwa kwa lingine baya zaidi, na tangu siku hiyo wakawa hawasemeshani. Mama yao, aliyebaki Tukuyu, kila akipiga simu aliuliza, "Umemsalimu mwenzio?"

"Mama, tuongee mengine," Ambakisye alijibu.

Mama akaugua. Ambakisye akamwandikia rafiki yake: "Mama anaumwa sana. Nasafiri."

Jibu likaja: "Pole, ndugu yangu. Hata mimi niko njiani, wangu naye hajiwezi. Tuombeane."

Ambakisye alifika hospitali kule Tukuyu mchana, ukungu umeshuka hadi madirishani, wodi nzima nyeupe na kimya. Mama alilala kama mtu anayeota. Na upande wa pili wa kitanda ameketi nani? Lugano. Wakatazamana, kisha kila mmoja akageukia kwake.

Mama akafumbua macho kidogo. "Mmekuja pamoja?"

Ambakisye akatazama sakafu, Lugano akatazama dirisha. Mama akayafumba tena.

Ambakisye akaona uchungu unamzidi. Amwambie nani? Akatoa simu, akaandika: "Nimefika. Mama ananitoka. Niombee, ndugu yangu."

Simu ikalia mkononi mwa Lugano.

Lugano akasoma. Akainua uso. "Kiatu Kimoja?" akanong'ona.

Ambakisye alikizunguka kitanda, wakashikana wakilia kwa sauti, hadi muuguzi akaja kuwanyamazisha. Kisha wakamwinamia mama yao. "Mama! Mama, tumekuja pamoja."

Mama alikuwa ameshaondoka. Hakuwasikia.

Wapendwa, watu hawa walikosa upendo? Hapana. Walikuwa nao tele, wakaugawa kila jioni kwa mtu wasiyemjua, wakamnyima mmoja tu. Na sisi je? Tunaandika "pole ndugu yangu" huku na huku, vidole havichoki, lakini nyumbani kuna mtu anayeujua mgongo wetu kuliko uso. Wewe umemnyima nani? Usinijibu mimi. Kama yuko mbali, toka nje umpigie, sitakukasirikia. Na kama ameketi benchi la nyuma yako, geuka sasa hivi. Usisubiri nimalize.